Joka Lililotazama Ndani

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Wamanchu, kule Uchina kwenye theluji na farasi, palikuwa na kijiji, na kijijini alikuwako Bibi Ilha. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini sindano ilimjua. Chwi, chwi, chwi, kutwa nzima.

Mwanawe alikuwa na cheo cha Beile, mmoja wa wakuu wa nchi. Koti lake la hariri lilikuwa na joka kifuani, limetazama mbele, likikukazia macho. Beile akafa. Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: cheo kikirithiwa, hushuka ngazi. Mwana wa Beile huwa Beise. Na joka la Beise hugeuza uso, hutazama kando.

Tulai, mwana wa marehemu, hakulitaka joka la kando. Mjumbe wa mfalme alikuwa njiani kuja kumpa cheo, naye Tulai kalikumbatia koti la baba yake. Bado lilinuka moshi wa msonobari na jasho la farasi.

"Nitalivaa hili hili, Bibi."

"Livae, mume wangu. Utakuwa Beile mpaka mjumbe ashuke farasi. Baada ya hapo hutakuwa hata Beise."

"Joka hili likitoka, baba atakuwa amekufa mara ya pili."

Bibi akaacha utani. Akanyoosha mkono. "Lete."

Chwi, chwi, chwi, akalifumua joka la zamani. Chwi, chwi, chwi, akashona jipya. Tulai hakuweza kutazama. Akatoka kuwanywesha farasi.

Mjumbe akafika. Tulai akajitupia koti bila kuliangalia, hata vifungo hakufunga. Akazishusha pindo za mikono, zilizokatwa kama kwato za farasi, pwa! pwa!, kama wafanyavyo mbele ya mkubwa, akapiga goti. Koti likafunguka. Mjumbe akaona. Tulai naye akaona: ndani, upande wa moyo, joka la baba yake.

Mjumbe akaushika ukingo wa koti.

"Nani kashona hili?"

"Mimi, baba," akasema Bibi Ilha. "Beise haruhusiwi kuwatazama watu kwa joka la Beile. Haya, hilo linamtazama nani?"

Mjumbe akainama. "Linamtazama yeye."

"Basi. Baba kumtazama mwanawe, hicho nacho ni cheo?"

Mjumbe akamsogelea Tulai. Huenda naye alikuwa na baba. Akalifunga koti kwa mikono yake mwenyewe, kifungo baada ya kifungo.

"Inuka, Beise."

Cheo kiliendelea kushuka, mwana chini ya baba, mjukuu chini zaidi, hata wakabaki watu tu wenye farasi. Sindano ya Bibi Ilha ikala kutu. Lakini kila koti jipya lilishonewa ndani kipande cha lile la zamani, na baridi ikiingia watu wa kule hujipapasa kifuani, wakamtaja bibi yule.

Urithi, enyi mnaonisikiliza, si wa kuwakazia wengine macho. Wewe ndiwe unayetazamwa.

Hadithi yangu naikunja hapo, naitia sandukuni.