Shikamoo ya Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, Fisi alipokuwa bado na haya kidogo, wanyama walikubaliana kwamba kila mzee apewe gunia la unga, kiangazi kisimkute na njaa. Kazi ya kugawa akapewa nani? Fisi! Msicheke. Nimetembea nchi nyingi, na sijaona ghala lisilo na fisi wake.

Fisi akatoa sharti: "Mzee ni mwenye mvi!"

Bibi Kobe, aliyekuwa mkongwe tangu mlima ule ungali kichuguu, akajikokota hadi ghalani, kwatu, kwatu.

"Mvi ziko wapi?" Fisi akauliza.

"Mjukuu wangu, mvi nizitoe wapi na nywele sina?"

"Basi nenda kaote nywele kwanza!"

Kobe alipoondoka tu, Fisi na rafiki yake Nyati wakajipaka majivu kichwani, wakakohoa, koh! koh!

"Chukua gunia, babu."

"Ahsante, babu mwenzangu."

Jioni Nguchiro, jirani yake Bibi Kobe, akamkuta bibi analamba chungu kitupu. Moyo ukamwuma. Kesho yake Mfalme Simba angekuja kusimamia mgao wa mwisho, kisha ghala lifungwe mpaka masika.

Nguchiro huyo, mbio hadi kwa Fisi.

"Ala! Bado unahangaika na unga? Kesho kuna fungu la vijana!"

"Fungu gani hilo?"

"Zito! Hata wewe utalemewa. Watapewa walio wadogo kabisa."

Fisi akameza mate, gudu! Akaenda kumnong'oneza Nyati.

Asubuhi Simba alipofika, hakuamini macho yake. Fisi amenawa majivu, ananyonya ukucha. Nyati amejifunga nepi ya jani la mgomba, anatambaa, "Ngaa! Ngaa!"

"Mimi ndiye mdogo!" Nyati akanguruma. "Jino nimeota jana!"

"Mwongo! Mimi hata jina sijapewa!"

"Mtoto hujulikana kwa adabu," Nguchiro akasema, kama anayejisemea.

Weee! Fisi akaanza kumwamkia kila aliyemwona. "Shikamoo, Kuku! Shikamooni, vifaranga!" Akakiamkia hata kinu. Alipomfikia Bibi Kobe akapiga magoti, pu! "Shikamoo, bibi yangu!"

"Marahabaaa, mjukuu wangu."

"Na mimi shikamoo, bibi!" Nyati akadakia, asipitwe.

Nguchiro akamgeukia Simba. "Mfalme, umesikia. Bibi alinyimwa unga kwa kukosa mvi, na hawa wakajigawia magunia kwa mvi za majivu. Haya, shikamoo hupewa nani?"

"Mzee," Simba akasema. "Apewe gunia lake, na yale yote waliyojigawia kwa hila."

"Na fungu letu zito?" Fisi akauliza, udenda ukimtoka.

"Si lile pale?" Nguchiro akayaonyesha magunia. "Vijana ndio wabebao mizigo ya wazee."

"Aa! Mgongo wangu! Jamani, mimi mzee! Koh! Koh!"

"Pole, mjukuu," akasema Bibi Kobe. "Marahaba nimekwisha kuitikia."

Simba akanguruma. Wakajitwika, wakihema, hii! huu! Bibi Kobe akatangulia kuwaonyesha njia, kwa mwendo wake uleule, kwatu, kwatu. Na mtoto mwenye adabu, mnajua wenyewe, hampiti bibi yake njiani.

Ndiyo maana, wanangu, chakula cha mzee kijana hakili, hukibeba.