Barabara Iliyozaa Kumbikumbi

Mgonjwa anaweza kuvaa suti. Anaweza kunyoa ndevu, akajipaka mafuta, akaketi harusini akicheka kuliko bwana harusi mwenyewe, na watu wakamsifu kwa mashavu yake. Maradhi hayana haraka. Siku moja wanawake watajishika vichwa, mikeka itatandikwa uani, na kila jirani atajua kilichokuwa kikimla yule bwana. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia methali kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Wengi hudhani methali hiyo ni ya watu wa hospitali. Mhandisi Laurent Ngalula, aliyesomea barabara na kuzijenga karibu maisha yake yote, naye alidhani hivyo, na maarifa yake yote hayakumwokoa.

Kaskazini mwa Lubumbashi, kabla hujaishika njia ya kwenda Kinsevere, kuna mtaa ambao kwa miaka mingi haukujua lami. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu liliingia hata kwenye sufuria ya bukari, kama ugali unavyoitwa huko, na mvua zikianza, vumbi lile lile liligeuka matope ya kumeza viatu. Hapo ndipo alipoishi Mama Huguette, mjane kutoka Kasai, mamaye Laurent. Mumewe alikuwa amefariki katikati ya mvua. Gari la maiti lilishindwa kufika, jeneza likabebwa mabegani, wabebaji wakateleza, na marehemu akaanguka kwenye dimbwi mbele ya wakwe zake. Mama Huguette alisamehe mengi duniani, lakini dimbwi lile hakulisamehe. Laurent alipojenga nyumba nzuri huko Karavia na kumwomba ahamie, mama alikataa, akamwambia neno moja tu.

"Mwana yangu, miye siombe nyumba ku Karavia. Siku ya kufa kwangu, gari ifike paka hapa ku mulango. Basinibebe mu matope sawa baba yako."

Laurent aliapa. Basi kampuni iliyomwajiri ilipopewa kazi ya kuitia lami barabara ya mtaa ule, na yeye akateuliwa kuisimamia, mama alitembea nyumba kwa nyumba akitangaza habari. Mwanawe analeta barabara! Wenye vijiba vya roho walinuna, lakini wengi walifurahi naye.

Sasa, mbele ya lango la Mama Huguette, pale pale njia ilipopita, palikuwa na kichuguu kilichoipita nyumba yake kwa kimo. Mchwa walikuwa wamekijenga kabla mji haujafika. Wafyatua matofali walikuwa wamekimega ubavu mmoja, na wanawake wajawazito walinunua vipande vya udongo wake sokoni wakatafuna, lakini hakuna aliyethubutu kujenga juu yake. Mtu wa Lubumbashi akinunua kiwanja chenye kichuguu, huwaita kwanza wafyatua matofali wakile chote, pamoja na shina lake lililozama ardhini, ndipo aweke msingi. Udongo ule ukikauka huvunja jembe. Ukinywa maji hulegea kama uji. Tena chini kuna vyumba na vichochoro vya mchwa, na hakuna ajuaye vinaishia wapi.

Kanuni za ujenzi wa barabara husema yaleyale wasemayo wafyatua matofali, ila kwa maneno mengi zaidi: chimba kichuguu hadi uikute ardhi ya asili, toa udongo wake wote, jaza changarawe nyekundu tabaka juu ya tabaka, shindilia kila tabaka na ulipime kabla ya kuweka lingine, kisha yape maji mfereji wa kupita. Laurent alizijua kanuni hizo kama sala ya Baba Yetu. Mwenyewe aliwafundisha vijana kazini kwamba gari halibebwi na lami bali na kilicho chini yake. Lami ni nguo tu.

Kazi ilianza vizuri. Katapila liliangusha kichuguu kwa siku moja, watoto wakashangilia. Lakini walipoanza kuchimba shina, kila walipodhani wamefika mwisho waliukuta udongo uleule wa kijivu, mbichi, wenye mashimo. Msimamizi wa vibarua, Ngosa, alisema shimo lile litawala majuma mengi. Na hapo ndipo moyo wa Laurent ulipougua. Alikuwa ameshajigamba kwa wakubwa kwamba barabara itazinduliwa siku ya uhuru, tarehe thelathini Juni, wala hakuna aliyemlazimisha kutaja tarehe hiyo. Mama alikuwa ameshawaalika ndugu. Hema la sherehe lingesimikwa mbele ya lango lake. Laurent akajiona ameketi kwenye kiti cha mbele, na shimo limeachama miguuni pa wageni. Alikiogopa kicheko cha siku moja kuliko hatari ya miaka.

Aliyepima udongo kazini alikuwa Julienne, mhandisi mwenzake, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Julienne alichukua udongo wa shina la kichuguu, akaulowesha siku nne kama kanuni inavyotaka, nao ukavimba na kulegea hadi kidole kikazama. Alisema hapawekwi kitu juu ya udongo huo. Laurent akamwambia arudie kipimo, kisha yeye mwenyewe akamtuma Ngosa alete udongo mwingine, na kwa siri akamwelekeza auchote kwenye machimbo ya changarawe. Julienne alifungua mfuko, akatazama, akaufunga tena.

"Chef, hii haiko udongo ya kichuguu," alimwambia mkubwa wake. "Ile iko sawa majivu. Hii iko nyekundu."

"Gudron itafunika byote," Laurent akajibu, maana gudron huko ni lami. "Nani atakuya kuchimbula?"

"Mvula."

Juma lililofuata Julienne alihamishiwa Lukafu, kupima njia ya kwenda mashambani, na watu wakaambiwa huko anahitajika sana. Ngosa akaamriwa kusawazisha udongo wa kijivu, kutandaza juu yake changarawe kidogo na kupitisha rola. Rola lilipopita, ardhi ilinesa kama godoro, na Ngosa akamtazama mkubwa wake. Laurent akageuka, akawasha simu. Lami ikamwagwa.

Ilipendeza, lazima tuseme kweli. Tarehe thelathini Juni ni katikati ya kiangazi, na kiangazi huficha madhambi ya wahandisi wengi. Lami iling'aa, viti vya plastiki vya kukodi vikapangwa chini ya hema, utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa. Mama Huguette, amevaa kitenge kipya, aliivuka barabara pekupeku ili nyayo zake ziijue. Alimshika mwanawe mkono, akalia machozi ya furaha. Laurent naye alilia, na waliomwona wakasema huyu kweli anampenda mama yake. Alimpenda. Hilo ndilo linalouma katika kisa hiki.

Novemba mvua za kwanza zilinyesha usiku kucha. Asubuhi yake Laurent alisimamisha gari mbele ya lango la mama akakuta watoto wa mtaa mzima wamechuchumaa barabarani na mabakuli. Lami ilikuwa imepasuka ufa mwembamba, na kutoka ufani kumbikumbi walikuwa wakitoka kwa maelfu, wakipepesa mabawa yao mapya, pale pale kilipokuwa kichuguu. Watu wa Lubumbashi huwaita inswa, na huwapenda sana wakikaangwa kwa chumvi. Mtaa ulicheka hadi mbavu zikauma. Barabara ya mhandisi imezaa kitoweo!

Mama Huguette hakucheka. Alimkaangia mwanawe sahani, akaiweka mezani, akaketi mbele yake. Laurent alikula inswa tangu akiwa na meno ya utoto, lakini siku hiyo alichukua mmoja, akamgeuza kinywani, akashindwa kumeza.

"Lauré, tangu wakati gani gudron inazala inswa?" mama aliuliza.

"Gudron ya mupya inapasukaka kidogo, mama. Njo vile," Laurent alijibu, yaani ndivyo ilivyo.

Mama alikuwa amemlea, alijua macho yake yanavyokimbia. "Kama iko kitu unafichaka, useme sasa," alisema. "Haya ya leo itaisha. Ya kesho itakuya na batu."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angesema, shimo lingechimbwa, angechekwa, pengine angepoteza cheo. Mtu huishi bila cheo. Laurent alijibu kuwa hakuna kitu. Jioni alileta pipa la lami, akauziba ufa kwa mkono wake, akaupiga hadi ukalainika, akaenda zake Karavia. Ufa ulirudi Desemba, akauziba tena.

Mwezi Januari, mvua ikinyesha kana kwamba mbingu imetoboka, Mama Huguette alilala na presha yake ya siku zote na hakuamka.

Kilio kiliwekwa nyumbani kwake. Mwenye hema alileta hema lilelile na viti vilevile, kwa kuwa mtaani hakuna vingine. Wanawake walilala kwenye mikeka wakiimba nyimbo za Kasai, wanaume wakauzunguka moto. Julienne alikuja kutoka Lukafu, akiwa na matope hadi magotini, akaketi na wanawake, kwa maana kwenye msiba mtu hapimi aliyotendewa. Laurent hakuweza kumtazama. Tena hakuweza kuitazama barabara, ambayo mbele ya lango ilikuwa imeanza kubonyea kama tumbo la mwenye njaa.

Asubuhi ya maziko, mzee Stéphane, kaka wa marehemu, aliwaita wanaume kupanga safari. Huyo ndiye manseba wa Laurent, yaani mjomba wake, na katika ukoo neno lake ndilo sheria. Alikumbusha mbele ya wote alichotaka dada yake: gari limchukue mlangoni. Kisha akamgeukia mpwawe kwa heshima kabisa.

"Injenieri, barabara yako iko muzima? Gari ya maiti iko muzito."

Ngosa, aliyesimama nyuma ya wengine, aliinua kichwa. Laurent angesema tu kwamba gari lisubiri mwanzo wa mtaa. Lakini wangeuliza kwa nini, na wote wale waliokunywa soda yake siku ya utepe wangelisikia jibu.

"Iko muzima, manseba," alisema.

Gari la maiti likaja taratibu, taa zikiwaka mchana. Jeneza likaingizwa kwa nyimbo, milango ya nyuma ikafungwa, dereva akaondoka. Halikusogea urefu wake. Lami ilikatika kwa sauti ndogo tu, kama sahani inayovunjika ndani ya maji, na magurudumu ya nyuma yakazama hadi ekseli. Gari likainua pua. Milango ya nyuma ikafunguka kwa uzito, jeneza likateleza, na kabla mikono haijalifikia, ncha yake ikachomeka kwenye tope. Wanawake walipiga yowe moja.

Vijana walileta majembe kulikwamua gari. Kila pigo lilifunua zaidi: lami nyembamba kama chapati, changarawe kidogo, kisha udongo wa kijivu unaomiminika, na ndani yake mchwa, wazima, wakikimbia huku na huko kuokoa mayai yao. Watu walisogea kutazama. Julienne alitazama mara moja akafunika uso kwa kitenge. Hapo Ngosa, ambaye alikuwa ameibeba siri ile tangu Juni, akashindwa.

"Chef," alisema, na kila mtu alisikia, "hapa njo tulifunika kichuguu."

Mzee Stéphane alimgeukia Laurent, akangoja. Laurent alifungua kinywa akasema jambo kuhusu mvua za mwaka huu. Hata yeye mwenyewe hakuimaliza sentensi yake.

Ikabidi jeneza libebwe. Wanaume sita walivua viatu, wakakunja suruali, wakaliinua begani likitiririka tope, na Mama Huguette akaondoka nyumbani kwake kama alivyoondoka mumewe. Laurent alisogea kushika mpini wa mbele, mahali pa mtoto wa kwanza wa kiume. Mzee Stéphane akaweka mkono kifuani pake. Hakupaza sauti.

"Bakia," alisema. "Siye tutamubeba. Wewe funika shimo yako, unajua kufunika."

Msafara ukaondoka katika mvua. Nyimbo zilisikika hadi kona ya mtaa, zikafifia. Baadaye kampuni ilimfuta kazi, barabara ikachimbwa upya na safari hii shina lote likatolewa, na leo malori ya shaba hupita mbele ya lango lile bila kutikisa kikombe; lakini hayo hayamsaidii marehemu. Asubuhi ile Laurent alibaki peke yake ukingoni mwa shimo, amevaa suti nyeusi, viti vya plastiki vikiwa vimemzunguka kama siku ile ya utepe. Mchwa walikuwa wameanza tena kujenga. Hakuna aliyekuwa amemshitaki wala kumtangaza kabla ya siku hiyo. Mama yake mzazi ndiye aliyemfichua, kwa kufa tu. Hakika, mficha maradhi kilio humuumbua.