Kiti cha Baba

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Siku koleo linapovunjika, mpita njia hudhani kazi imekwisha, moto uzimwe na watu warudi makwao. Lakini ujuzi wa mhunzi haukai kwenye koleo, unakaa mikononi mwake. Muuguzi mmoja wa zahanati aliijua methali hii tangu akiwa mwanafunzi, hata aliwahi kuiandikia insha akapata alama nzuri. Kuielewa, hata hivyo, kulimchukua miaka mingi.

Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa wasioweza kufika zahanati, kuwasafisha vidonda na kuwafunga bendeji upya. Kwa sababu hiyo watu walimwita Bendeji. Kila asubuhi alifunga sanduku la dawa kwenye keria ya baiskeli nyeusi aliyoirithi kwa baba yake. Baiskeli hiyo ilikuwa kongwe hata ikapewa jina la Mzee. Breki zake zililia kama paka aliyekanyagwa mkia, na cheni ilichomoka ilipojisikia. Karibu kila kitu kilikuwa kimebadilishwa, isipokuwa fremu na kiti. Kwenye bomba la kiti baba alikuwa amechora mstari mwekundu kuonyesha urefu uliomfaa. Baba alikuwa mrefu kama mnazi, ilhali binti alifuata umbo la mama. Hata hivyo, katika miaka kumi na moja tangu baba afariki, hakuwahi kukishusha kiti hicho hata kwa upana wa kidole. Aliona kukishusha ni kama kumwambia baba ainuke, ampishe.

Basi alikanyaga pedali kwa ncha za vidole, kiuno kikiyumba huku na huku. Alikuwa na miaka thelathini na minane, lakini jioni alishuka ameshika mgongo kama ajuza. Zamani aliimba njiani. Siku hizi alihesabu vilima. "Uzee haupigi hodi," alijiambia, akajipaka dawa ya kuchua, akalala.

Jumatatu moja, kwenye mteremko wa shule, fremu ilikatika. Bendeji alianguka upande mmoja na sanduku upande mwingine, na bendeji zikabingirika barabarani kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Alijifunga kiwiko mwenyewe, akamkokota Mzee hadi kwa fundi wa baiskeli, aliyesoma naye darasa moja. Fundi alipitisha kidole penye ufa, akatikisa kichwa.

"Bendeji, huyu amekata roho."

"Chomelea."

"Hapa nimeshachomelea mara nne. Nikirudia nitakuwa nachomelea kazi yangu mwenyewe, chuma cha baba yako hakipo tena."

"Basi tia hata kipande cha bomba kwa ndani."

"Ndugu yangu, wewe ukikuta maiti unaifunga bendeji?"

Bendeji hakucheka. Machozi yalimlengalenga, na fundi akaona alichokifanya. "Nisamehe," alisema, akiipangusa spana ambayo haikuwa chafu. "Ulimi hauna mfupa."

Zahanatini nako hakukuwa na faraja. Gari lilikuwa moja tu, na lilikuwa na safari zake. "Mpaka Ijumaa nipate jibu," matroni alimwambia, bila ukali. "Kama huna usafiri, nitakuhamishia masijala ukapange mafaili. Wagonjwa wako gari litawapitia mara moja kwa mwezi."

Mara moja kwa mwezi! Kidonda hakijui kalenda. Aliwawaza mmoja mmoja, hasa seremala mstaafu mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa kimeanza kufunga. Lakini kilichomtia haya zaidi ni kwamba sehemu ya moyo wake ilikuwa imeshusha pumzi. Masijala kulikuwa na kiti chenye mto.

Jioni alimkuta mama yake akikunja nguo.

"Labda ndiyo mwisho, mama. Baiskeli ya baba ndiyo hiyo imekufa, na miguu yangu imechoka."

"Miguu ipi? Yako au ya baba yako?"

"Mama!"

"Nasema kweli. Miaka yote nimekuona unaning'inia pale juu kama shuka kwenye kamba. Nikanyamaza, nikasema hayo ni mapenzi ya mtu na baba yake, mimi nisiyaingilie. Nilikosea." Mama aliweka shati chini. "Unadhani Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza? Alikuwa wa tatu. Wa pili alipovunjika, baba yako hakulala matanga. Alileta huyu, akanipakia nyuma, akanizungusha mtaa mzima. Nina mimba yako, napiga kelele anishushe, yeye anaimba!"

Bendeji aliketi kando yake. Hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Baba yako hakukuachia kiti, mwanangu. Alikuachia kuendesha. Ile akiba yetu ya makochi, kaichukue."

"Na makochi je?"

"Haya mabovu yameshanijua umbo. Mapya yatanisumbua."

Alhamisi asubuhi fundi alimtolea baiskeli ya kijani, nyepesi, isiyo na jina. Alimsimamisha kando yake, akakishusha kiti mpaka kikalingana na nyonga yake, kisha akakaza nati. Bendeji alipanda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, alikanyaga pedali kwa wayo mzima.

"Una rangi nyekundu?" aliuliza.

Fundi alielewa. Alichovya brashi, akachora mstari kwenye bomba la kiti. "Na Mzee nimfanyeje?"

"Mgawe spea. Baba hakuwahi kumnyima mtu."

Aliondoka polepole, akisubiri maumivu ya kiuno kama mtu anayemsubiri mdai. Hayakuja. Alipofika mlima wa shule alijiandaa kushuka na kusukuma, lakini miguu haikumwomba ruhusa, ilipanda yenyewe. Upepo ulimpiga usoni, ukaingia mikononi mwa sare yake. Juu kabisa alisikia mtu anaimba. Alikuwa yeye.

Aligonga mlango wa seremala mstaafu.

"Nani?"

"Bendeji."

"Uongo! Bendeji namsikia breki toka kule kona, napata nafasi ya kuvaa shati. Wewe umenikuta kifua wazi."

Bendeji alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha alipiga magoti na kufungua mguu wa mzee huyo. Bendeji aliyoifunga Ijumaa iliyopita ilikuwa imelowa pembeni, lakini nyama ilikuwa bado nyekundu na safi.

"Siku tatu nimekaa nikisema wamekupeleka kwenye mafaili," seremala alisema kwa sauti ya chini. "Asante kwa kuja, mwanangu."

"Asante kwa kunisubiri," alijibu, akainamia kazi yake ili asionekane uso.

Hakungoja Ijumaa. Adhuhuri alipita chini ya dirisha la matroni, akapiga kengele mara tatu, na matroni alipochungulia, alionyesha kwa kidole baiskeli ya kijani. Matroni alitabasamu, akafunga faili.

Jioni hiyo majirani walitoka nje kuangalia kulikoni. Baiskeli ya kijani ilikuwa inakata kona za mtaa, mama yuko kwenye keria, kanga ikipepea, akipiga kelele, "Nishushe, we mtoto, nishushe!" huku amemkumbatia binti yake kiunoni kwa nguvu zote. Binti hakumshusha. Alikuwa anaimba, na moyoni alikuwa anamshukuru mtu aliyemfundisha kukanyaga. Wahenga hawakukosea: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.