Mama Aliyeifukuza Njaa Ndogo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama watu waliovimbiwa? Sogezeni kuni, na wewe mpishe bibi akae mbali na moshi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakibisha hodi kwa watu na watu wakiwaitikia, njaa zilikuwa mbili. Mkubwa alikuwa fisi. Huyo alikuja mara chache, mvua ikikataa, akaingia nyumba baada ya nyumba, na kila alipoingia alitoka na mtu. Mdogo alikuwa nguchiro, mwembamba, wa kuishi kichuguuni. Huyo alipita kila siku kwa watoto, akawavuta upindo wa nguo hadi chunguni, akawangoja wale, kisha akawavuta tena waondoke wakacheze. Hakumchukua mtu. Watu waliwaita wote wawili Njaa, na labda hapo ndipo shida ilipoanzia.

Katika nchi hiyo, nchi ya mtama na uwele, aliishi mwanamke aliyeitwa Mbuke. Mwaka mmoja mvua ilikataa na fisi akaja. Mume wa Mbuke aliswaga ng'ombe waliobaki kwenda kutafuta majani, wala hakurudi. Mbuke alibaki na mimba na mtoto mmoja wa kiume, Sayi. Fisi akamchukua Sayi mapajani mwa mama yake, mdomo ukiwa wazi, na Mbuke hakuwa na kitu cha kutia katika mdomo ule.

Mvua iliporudi, alijifungua mtoto wa kike, akamwita Limi. Siku alipomwachisha ziwa akamwambia, "Wewe, mwanangu, hutafungua mdomo ukaukuta mtupu. Si mikononi mwangu."

Basi ikawa hivi. Jua likichomoza, kabla mtoto hajafikicha macho, Mbuke alikuwa ameshapika uji wa uwele. Alimlaza Limi mapajani, akakunja kiganja chini ya mdomo wake kama bakuli, akamimina, na kidole gumba kikaziba pua. Mtoto akitaka pumzi, sharti ameze kwanza. Limi alirusha miguu, alilia, alitapika. Akitapika, Mbuke alipika mwingine.

"Mama Limi, mtoto amekataa, mwache!" jirani yake Nyamizi alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Unajaza ghala au unalea?"

"Wako wote watano wako hai, Nyamizi," Mbuke akamjibu. "Nyamaza."

Nyamizi akarudi kwenye kazi zake, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli.

Siku moja nguchiro akabisha. "Hodi! Nimemjia mtoto."

"Ameshakula!"

"Ameshakula kabla sijafika?"

"Kabla hujafika. Na kesho nitamlisha kabla hujaamka, mwizi wewe!"

Nguchiro akaenda zake. Siku ya pili akaja. "Hodi! Nimemjia mtoto."

"Ameshakula! Nenda kamwambie ndugu yako fisi kwamba hapa hamna kitu chenu."

"Mama, fisi si ndugu yangu. Tunaitwa jina moja, basi. Mimi ni wa kila siku. Simchukui mtu."

"Na yeye alipokuja alisema maneno matamu hivyohivyo," Mbuke akasema, ingawa fisi hakuwa amesema neno lolote.

Siku ya tatu nguchiro hakubisha. Alijipenyeza chini ya mlango, akamfikia Limi, akaushika upindo wa kiguo chake kwa meno. Mbuke alimwona mnyama, na mdomo umefunguka karibu na mwanawe, akaona tena mwaka ule wote wa fisi. Aliinua mwiko akampiga. Mguu wa nyuma ukavunjika, kah!

Nguchiro akajikokota hadi kizingitini, akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuudhi Mbuke zaidi.

"Kazi zangu zilikuwa mbili," akasema. "Kumvuta aje chunguni, na kumvuta atoke chunguni. Sasa zote mbili ni zako. Utaziweza?"

"Nitaziweza!"

"Mpaka lini?"

Mbuke akamrushia mwiko. Nguchiro akaingia majanini, asionekane tena kwa miaka.

Basi Mbuke akazifanya zile kazi mbili, na alizifanya vizuri. "Kula, Limi," na Limi akala. "Maliza, Limi," na Limi akamaliza. "Basi, Limi," na Limi akaacha. Majirani wakasifu. Mtoto gani mtiifu kama huyu! Watoto wa Nyamizi waligombea ukoko na kuiba karanga. Limi hakugombea wala hakuiba. Wenzake wakirudi kutoka kuchunga wakisema, "Jamani, nakufa njaa," yeye aliwauliza, "Ikoje?"

"Ikoje nini?"

"Njaa."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. "Huyu naye! Hajui njaa!"

Limi akacheka pamoja nao, ila alikuwa ameuliza kweli.

Limi alipokuwa msichana wa kubeba mtungi, Nyamizi alimwoza binti yake, na Limi akaketi na wasichana kwenye sinia. Wenzake walikula, wakanawa, wakaenda kucheza ngoma. Limi akabaki. Mama yake alikuwa jikoni na wanawake, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, "Basi." Wakaleta sinia jingine, akala. Wakaleta jingine, akala, machozi yakimtoka, hadi akaanguka ubavu na kuchukuliwa kwa machela. Na mwaka huohuo homa ilimlaza Mbuke. Alipopata fahamu alimkuta Limi ameketi kando ya chungu kilichojaa, midomo imepasuka, uso umekuwa wa kijivu.

"Hukula?"

"Hukuniambia, mama."

Mbuke akamtazama, na kwa mara ya kwanza akaogopa kitu ambacho si fisi. Homa ilikuwa imeondoka lakini ilimwachia kikohozi, na kikohozi kile kilikuwa na damu. Alijua hatafika mavuno mengine. Akajiuliza, nikishalala kaburini, nani atamwambia mwanangu kula? Nani atamwambia basi?

Akajifunga nguo kiunoni, akaenda hadi kichuguu cha nyuma ya mashamba. Akapiga magoti kwenye tundu.

"Hodi."

Akagonga udongo wa kichuguu.

"Hodi. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Nguchiro akatoka, mvi puani, akiburuta mguu mmoja. "Nilidhani ameshakula," akasema.

Mbuke akainamisha kichwa. "Nitukane, ni haki yako. Ukimaliza, rudi kwangu."

"Sina matusi. Nilijua ulichokuwa unakiona siku ile, na hakikuwa mimi. Lakini Limi hanijui, mama. Nikibisha atadhani ni ugonjwa. Na wewe ukiwa karibu atakutazama wewe, hatanisikiliza mimi."

"Nifanye nini?"

"Pika, weka, nyamaza. Usiseme kula. Usiseme maliza. Usiseme basi. Na mkono wako ukae mbali naye."

"Hayo tu?"

"Hayo tu," nguchiro akasema, akamtazama kwa huruma.

Siku ya kwanza Mbuke alipika ugali wa mtama na mlenda, akaweka, akanyamaza. Limi akamtazama mama yake usoni. Akangoja. Ugali ukapoa, ukakauka juu. Nguchiro alipofika mlangoni, Mbuke alikuwa amekwisha kusema, "Kula, mwanangu." Nguchiro akageuka.

Siku ya pili Mbuke aliweka chakula, akatia kitambaa kinywani akakiuma. Limi akamtazama usoni. Akangoja. Kinywa kilinyamaza, ila mkono ulikwenda wenyewe: ulikata tonge, ukalichovya, ukalipeleka. Nguchiro akageuka.

Siku ya tatu Mbuke aliweka chakula, akafunika, akatoka. Hakumwambia Limi aendako. Alikwenda shambani, akaingia katikati ya mtama, akalala kifudifudi akiishika ardhi.

Jua likapanda utosini. Nguchiro akaingia nyumbani, akamshika Limi upindo, akavuta.

Ndipo Mbuke akasikia sauti. "Mama!"

Akakohoa, akaishika ardhi.

"Mama! Kuna kitu kinaniuma tumboni! Mama, kinanivuta!"

Akajaza udongo kinywani asiitike.

"Mama, nakufa! Uko wapi? Mama!"

Kila mama anaijua sauti ile, na hakuna aliyeumbwa kuisikia akalala. Mbuke alilala. Alimwona Sayi kati ya mabua, mdomo wazi, wala hakuinuka. Sauti ikaita, ikaita, ikapasuka, ikakatika. Kukawa kimya. Kimya kile hakikusema kama mtoto anakula au amekufa, na Mbuke alikaa ndani yake hadi kivuli cha mabua kikalala upande wa pili.

Aliporudi alimkuta Limi ameketi kizingitini. Nguchiro amejikunja miguuni pake, amelala. Ugali umeliwa nusu. Nusu nyingine imefunikwa vizuri, na hakuna aliyemwambia afunike.

Mbuke alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumkumbatia. Limi akainua mkono kumzuia.

"Nilikuita," akasema.

"Nilikusikia, mwanangu."

"Ulikuwa mbali?"

Mbuke angeweza kusema ndiyo. "Hapo shambani tu."

"Ulisikia, na hukuja."

"Sikuja."

Limi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Akainuka, akaingia ndani, akajitandikia upande mwingine wa nyumba.

Tangu siku hiyo Limi alikula alipovutwa na kuacha alipovutwa. Uso wake ukapata rangi, akacheza ngoma na wenzake, na wakati mwingine alisema, "Sitaki," na chakula kikabaki. Akamuuguza mama yake vizuri, akampikia, akamwogesha. Ila hakumwita tena. Akitaka kitu alikitafuta mwenyewe. Akiumia alikaa kimya mpaka maumivu yapite.

Siku moja Mbuke alimwuliza nguchiro, "Umempa njaa yake. Na kile nilichompa mimi siku ile, huwezi kumwondolea?"

"Mimi ni njaa ndogo, mama," nguchiro akamjibu. "Hicho sikijui kinakokaa."

Mbuke alifariki kabla ya mavuno, shambani mtama ukiwa mwekundu. Wanasema saa ya mwisho aligeuza uso upande wa pili wa nyumba, akafungua mdomo aite, kisha akaufunga, asije akamlazimisha mtoto kuja.

Hadithi yangu imefika hapo, ikaketi chini. Anayejua mbele yake na aichukue.