Kisima cha Maji ya Kubeba

Mvua iliwanunia wanyama misimu miwili, mto ukabaki mchanga mtupu. Simba, ambaye hapendi jambo lipite bila kutiwa jina lake, akafungua chuo cha kuchimba visima. Akawagawa wanafunzi vikosi viwili.

"Kisima kitakachoshinda kitaitwa Kisima cha Simba," akanguruma. "Waliokichimba watakunywa kwanza, wao na watoto wao. Kile kingine kitafukiwa. Sitaki kisima cha kushindana na jina langu!"

Kikosi kimoja kilikuwa cha Tembo na nduguze. Cha pili kilikuwa cha Ngiri, Sungura na Fisi. Nani alichimba? Ngiri, peke yake, mpaka pua ikachubuka. Sungura eti alikuwa akipanga mipango, na Fisi akiuliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Siku ya mtihani Ngiri alidamka. Lahaula! Shimo aliloliacha kavu jana limejaa maji maangavu. Pembeni Fisi amelowa mgongo, vibuyu vinne miguuni, na nyayo zake zinatoka moja kwa moja kisimani kwa Tembo.

"Mmeiba maji ya Tembo!"

"Taratibu, dada," Sungura akamnong'oneza. "Tumeazima tu. Wewe una watoto watano, ndimi zimewakauka. Ukinyamaza, leo wanakunywa kwanza. Ukisema, tunafeli sote. Kwani wewe ni wa kikosi gani?"

Ngiri aliwafikiria wanawe, akataka kunyamaza, wallahi alitaka. Lakini kisima cha Tembo kikifukiwa, hayo maji ya vibuyu yatawafikisha wapi? Hata siku mbili hayamalizi.

Simba akaja, mkia juu. Akachungulia kwa Tembo: maji kidogo, tope tupu, maana yalikuwa yamechotwa. Akachungulia kwa Ngiri, akaiona sura yake mwenyewe majini, akapendezwa nayo mno.

"Hiki ndicho! Kile kifukieni!"

"Mfalme, subiri!" Ngiri akasema. "Kisima chetu ni kikavu. Maji haya yamebebwa kutoka kwa Tembo, na waliobeba ni wenzangu."

"Masikini dada yetu," Sungura akasikitika. "Jua limempiga kichwani."

Simba akakunja uso. Ameshatangaza, atajirudi vipi mbele ya raia wake? Ngiri akaliona hilo, na ulafi wa Fisi anaujua vizuri.

"Basi, Mfalme, washindi si ni sisi? Mruhusu Fisi anywe. Mafunda matatu tu."

"Matatu, Fisi, unasikia?" Sungura akaruka. "Matatu!"

Loo! Umwambie Fisi matatu? Likaja la kwanza, la pili, la tatu, la thelathini. Sungura akamvuta mkia, akamng'ata sikio. Fisi akazidi kuinama, mpaka ulimi ukasikika ukikwangua udongo. Wanyama wakangoja maji yapande tena. Wakangoja mpaka vivuli vikahama. Hata tone!

Sungura akatimua mbio. Fisi alishindwa kuinuka kwa uzito wa tumbo. Simba, kwa kuona haya, akakifelisha kikosi kizima, Ngiri naye, akaamuru waanze chuo upya; kisima cha Tembo hakikufukiwa tena.

Ngiri hakubisha. Aliwaita wanawe, wakapanga foleni kwa Tembo, nyuma kabisa. Zamu yao ilipofika jioni, maji ya tope yalikuwa yangali yakipanda, wakanywa wote watano.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.