Kaseti ya Zaituni

Sikilizeni, kisha mnisaidie kuamua. Walikuwepo watu watatu: Mwajabu, asiyetupa kitu; Kihiyo, asiyeuza kitu; na Semkiwa, fundi asiyetetemeka mkono. Mhina ndiye aliyewaita sebuleni kwake, Korogwe, na sasa alitamani waondoke.

Zamani nyumba hiyo ilikuwa na mashine mbili za gemu. Nyeusi, ya Mhina, ilikuja na kaseti tele tangu mwanzo: magari, ngumi, mpira. Ila ukizima, unaanza upya. Ya kijivu, ya mkewe Zaituni, ilianza na kaseti chache, lakini moja ilikuwa na betri ndani na ilikumbuka ulipoishia. Mhina aliidharau mashine hiyo, mwishowe akaiuza.

Zaituni alipofariki, Mhina alitaka kuona mkewe alipoishia kucheza. Akaahidi, bila kupima maneno, kwamba atakayemwonyesha atachukua mashine nyeusi na kaseti zake zote.

Mwajabu, mdogo wa marehemu, alileta kaseti ile yenye betri. Aliiazima akasahau kuirudisha, ikakaa miaka katikati ya kanga zake.

Kihiyo, jirani aliyeinunua mashine ya kijivu, aliileta ikiwa nzima. Kaseti ile haiingii kwenye nyeusi.

Semkiwa aliona betri inakata roho. Kuing'oa tu kungefuta kila kitu. Akaifungua kaseti, akaichomeka, akawasha mashine ili umeme wake ushike kumbukumbu, ndipo akabandua betri kuukuu na kuchomea mpya. Umeme ungekatika hapo, basi.

Kwenye skrini likatokea jina ZAITUNI, na mtu mdogo mwenye taa, amesimama mbele ya lango. Mhina akasogeza kiti.

Hapo ugomvi ukaanza.

"Shemeji, bila kaseti wangekuonyesha nini?" akauliza Mwajabu.

Kihiyo akamjibu kwamba bila mashine angeendelea kuitunza pamoja na kanga.

"Mlileta vitu vilivyokufa," akasema Semkiwa. "Mimi ndiye niliyefufua."

Hakuna aliyemtazama Mhina. Akawaomba wagawane, wakakataa, kwani mashine nyeusi bila kaseti zake haina kazi. Akaomba dakika tano tu za kutazama. Wakasema aamue kwanza. Kihiyo alishika waya, mashine ni yake. Mwajabu alishika kaseti. Semkiwa alidai betri yake. Yeyote ambaye angekosa angeondoka na chake, na skrini ingezimika.

Mashine nyeusi ni moja. Je, ungekuwa Mhina, ungempa nani?