Mstari wa Mama Senkondo

Jina bila mstari halina mwenyewe. Vijana wa kozi ya kompyuta walipomsikia Mzee Mbonea akiisema methali hiyo mara ya tatu asubuhi moja, walimbana awaambie ilikotoka. Akaweka chaki mezani, akasema ilizaliwa kwenye zahanati moja ya milimani Upareni, na asikatizwe.

Zahanati hiyo ilikuwa na mtunza kumbukumbu aitwaye Naetwe, mwanamke mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Ilipoletwa kompyuta, aliagizwa achore kwanza kwenye karatasi ramani ya taarifa zake: kila kinachotunzwa kiwe na sanduku lake, kisha mistari ionyeshe nini kinahusiana na nini. Naetwe akachora sanduku la Mama na sanduku la Mtoto. Katika kila moja akaandika jina, umri, kitongoji. Mstari hakuchora. "Wa nini?" alijisemea. "Nani hapa hajui mtoto huyu ni wa nani?" Na kweli, yeye aliwajua wote. Kompyuta nayo ikajazwa vivyo hivyo.

Sasa, desturi ya pale ni mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la babu yake. Mzee Senkondo alikuwa na wana wawili, na kila mmoja alimwita kifungua mimba wake Senkondo. Wajukuu hao walizaliwa mwaka mmoja, nyumba zao zikitenganishwa na migomba michache. Mama zao, Foibe na Damari, wote wakawa Mama Senkondo, maana kumwita mzazi kwa jina lake ni utovu wa adabu.

Siku moja watoto wote wa kijiji walipimwa damu, na akina mama wakaambiwa wasubiri kuitwa. Majibu yalifika Naetwe akiwa Moshi, anamuuguza dada yake. Senkondo, miaka mitatu, ana ugonjwa wa seli mundu, aanze dawa mara moja. Nesi Tumsifu, mgeni wa pale, akatafuta kwenye kompyuta. Akakuta Senkondo wawili, wala hapakuwa na dalili ya nani kamzaa nani. Akatuma mtu amwite Mama Senkondo. Akaja Damari, akapewa dawa za mtoto ambaye si wake.

Siku ya tisa Naetwe alirudi, akasoma kwenye kompyuta kwamba Mama Senkondo kapewa dawa, kisha akamkuta Foibe mlangoni, mtoto mgongoni, macho ya manjano, mikono imevimba.

"Mama Senkondo, kumbe dawa hazijamsaidia?"

"Dawa gani, dada? Mimi nangoja kuitwa."

 Mtoto akakimbizwa hospitali, akanusurika, lakini chupuchupu. Dawa alizopewa Damari zilisimamishwa siku hiyohiyo, na mwanawe hakudhurika.

Siku tatu baadaye Naetwe alikwenda wodini na ile karatasi yake. Hakutaka kusamehewa bila kukiri kosa.

"Kosa ni langu, Mama Senkondo. Jina lake nililiandika vizuri, nikadhani inatosha."

Foibe akaweka kidole kwenye sanduku la Mtoto. "Mwanangu yuko humu?"

"Yumo."

"Na mimi?"

Naetwe akamwonyesha sanduku la pili. Foibe akapitisha kidole katikati, pale palipobaki peupe. "Basi hapa nani kasema ni wangu? Jina bila mstari halina mwenyewe, dada."

Naetwe alilia, wala hakuficha. Kisha akatoa kalamu, akavuta mstari toka kwa Mama hadi kwa Mtoto. Upande wa Mama akaweka kijiti kimoja. Upande wa Mtoto akaupanua kama mguu wa kuku: mama mmoja, watoto wengi, na kila mtoto mama yake mmoja. Ndani ya sanduku la Mama akaongeza namba yake mwenyewe, na ndani ya la Mtoto nafasi ya kuandika namba hiyo ya mama.

"Wengi?" Foibe akauliza, akishika tumbo lake, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi huyu naye usimsahau."

Mzee Mbonea akaichukua chaki, akawatazama vijana. Nusu ya darasa walikuwa wameinamia karatasi zao, wanachora. Akaandika ubaoni: Jina bila mstari halina mwenyewe.